Kibali Kilichofuata Nyumba

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Buguruni, na kuchapwa hapa kwa ajili ya wale wasioweza kufika.)



Kamati imetuomba tuseme habari ya vibali vya ujenzi, na hasa vibali vinavyoombwa baada ya jengo kwisha simama. Tumekubali, ijapokuwa si kwa furaha nyingi, kwa sababu mtu aombwaye kusema juu ya jambo hili ni yule aliyekwisha kosa. Sisi tu watatu. Wawili tungali kazini na mmoja amestaafu, na nyumba zetu zimepakana upande wa Malapa. Kila mmoja wetu aliongeza jengo lake bila kibali, na kila mmoja akaenda kuomba baadaye. Hapa mmoja anasema kwa niaba ya watatu, wala hatutawaambia nani alifanya lipi. Tutasema tu mwenye nyumba ya kwanza, wa pili na wa tatu. Mkimtambua mtu kwa habari zake, twaomba mnyamaze.

Aibu yenyewe afadhali tuiseme mapema ipite. Kazi yetu ya kila siku ni karatasi. Mwananchi akifika dirishani pasipo kiambatisho, twamrudisha. Barua isiyo na tarehe hatuipokei. Lakini jioni tukirudi Buguruni twamwita fundi, twampa fedha ya saruji, na neno la karatasi halitajwi. Mwenzetu wa tatu aliujenga ukuta wake kwa siku 2, Jumamosi na Jumapili, kwa kuwa alijua maofisa hawapiti siku hizo. Mtu azijuaye siku za kupita maofisa hawezi kusema kwamba hakuijua sheria.

Sasa tueleze jinsi mambo yalivyofika hapo. Nyumba ya Buguruni haijengwi mara moja; hukua kama mti. Baba wa mwenye nyumba ya kwanza alianza kwa miti, fito na udongo, na paa la makuti: ukumbi katikati, vyumba 3 kila upande, ua nyuma, baraza mbele. Makuti yakaondoka, yakaja mabati. Udongo ukapakwa chokaa, kisha saruji. Ukuta mmoja ulipoanguka kwa mvua za masika ukajengwa tena kwa matofali, na mwaka wa pili ukafuata mwingine, hata siku moja watu wakaona nyumba ya udongo imekuwa ya matofali, wala hakuna aliyeiona ikibomolewa. Baba alipofariki, mwanawe akaongeza vyumba 3 vya uani kwa wapangaji, na choo chao. Halafu akaliziba baraza likawa fremu 2, moja ya kinyozi na moja ya duka. Katika hatua hizo zote hakuna hata moja ambayo mwenyewe angeiita ujenzi. Ukimwuliza angekuambia, “Natengeneza nyumba.”

Sheria haioni hivyo. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 yataka mtu apate kibali kabla ya kuendeleza ardhi, na kuendeleza si kujenga nyumba mpya tu. Hata kubadili matumizi, baraza la kupumzikia likawa duka, kumo humo. Tena ziko Kanuni za Udhibiti wa Uendelezaji za mwaka 2008, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 242, ambazo ndizo zashikwa ofisini kwa kibali cha ujenzi. Kupaka rangi au kubadili bati lililotoboka ni matengenezo. Kuongeza chumba, kuinua ghorofa, kusogeza ukuta wa nje, hayo ni ujenzi, hata kama chumba ni kidogo, hata kama fundi ni shemeji yako na hukumlipa.

Yafaa kusema pia kwamba Buguruni ina udhuru wake, na sisi tulijitetea kwa udhuru huo mpaka ulipochakaa. Wajerumani, na Waingereza baada yao, waliugawa mji kwa kanuni za majengo: hapa nyumba za namna ya Ulaya, hapa za biashara, na kule Kariakoo na baadaye Ilala, viwanja vya wenyeji vilivyopimwa kwa mistari. Buguruni haikuwamo. Ilikuwa kijiji nje ya mji, penye minazi na mashamba. Mwaka 1948 watu wa Dar es Salaam walihesabiwa 69,227. Katika hesabu ya mwaka 2022 mkoa huu ulikuwa na watu 5,383,728. Twaweza kusema pasipo uongo kwamba sisi hatukuufuata mji, mji ndio uliotufuata. Ulikuja na kanuni zake kabla ya kuja na barabara, na huduma nyingine ukaziacha njiani. Viwanja havikupimwa kwanza. Watu walijenga, njia zikabaki pale zilipobakizwa na kuta.

Ndiyo sababu wengi wetu hatuna hati miliki. Tulicho nacho ni leseni ya makazi, ambayo ilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 2004 kwa nguvu ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999. Kwanza ilikuwa ya miaka 2, baadaye ikafanywa ya miaka 5. Ni karatasi njema na tunaitunza kwenye sanduku pamoja na vyeti vya shule. Lakini tazameni vizuri yasemayo. Yasema wewe wakaa mahali hapo kwa haki. Haisemi kwamba kila ukuta uliosimamishwa mahali hapo umekubaliwa. Mwenye nyumba ya kwanza alidhani leseni ndiyo kibali, na kwa imani hiyo akalala usingizi mwaka mzima.

Na liko kosa la pili la namna hiyo, ambalo tumelisikia kwa wanachama wengi. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa pale mtu anunuapo umeme wa luku. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Basi mtu husema, “Serikali yachukua kodi ya vyumba vyangu vya uani kila mwezi, itawezaje kusema haivijui?” Bwana, mita haijui kama una vyumba 3 au 13. Kodi ni deni, na kibali ni ruhusa. Ofisi mbili, madaftari mawili. Sisi makarani ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo.

Kilichotupeleka ofisini si wema. Mwenzetu wa pili alipostaafu alichukua sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake akaazimia kuinua ghorofa juu ya nyumba yake. Fundi alimwambia msingi unatosha. Nguzo zikasimama, nondo zikafungwa, na mwezi wa Juni mwaka 2024 jamvi la zege likamwagwa kwa siku moja na vijana wengi na chungu nzima ya pilau. Tulikula sote. Wiki ya tatu tukaamka tukakuta ukutani alama nyekundu ya X na tarehe chini yake, na karatasi ya kumwamuru asimamishe kazi na kufika ofisini. Sisi wawili tuliobaki tukatazamana. X haikuwa yetu, lakini rangi ilikuwa ingali mbichi na kopo lilikuwa halijakwisha.

Jioni ile ile akaja kishoka. Mwajua watu hawa. Hana ofisi, lakini azijua ofisi zote. Alisema kwa fedha kidogo, na kwa kweli haikuwa kidogo, ataleta vibali 3 vilivyopigwa mhuri, vyenye tarehe ya miaka 2 nyuma, hata ionekane tulikuwa na ruhusa kabla ya kujenga. Alituonyesha kimoja alichomfanyia mtu mwingine. Hatutaki kujifanya watakatifu: tulikishika mkononi, tukakitazama taa ikiwa karibu, na mmoja wetu akauliza bei mara ya pili.

Kilichotuokoa ni ukarani. Mwenzetu wa kwanza amekaa masjala miaka mingi. Aliisoma namba ya kumbukumbu, akamwuliza yule kijana, “Barua hii iliingia katika daftari gani?” Kijana hakufahamu swali. Nanyi mwafahamu. Kibali cha kweli hakiko peke yake. Kina jalada, na katika jalada kuna ombi, na ombi lina siku ya kupokelewa, na malipo yana namba yake, na namba hiyo imo katika mfumo wa malipo wa Serikali, wala mhuri hauwezi kuipeleka nyuma miaka 2. Karatasi ya kughushi yapita machoni pa jirani. Siku itakapofika kwa mkopeshaji au mbele ya hakimu, mtu ataandika barua moja tu kuuliza jalada, na jibu litakuwa kwamba hakuna jalada kama hilo. Hapo hutakuwa tena mtu aliyejenga bila kibali. Utakuwa mtumishi wa Serikali aliyeghushi hati ya Serikali, na hilo ni shauri la jinai, na kazi na malipo ya uzeeni yamo hatarini. Tukampa chai, akaondoka.

Basi tukaenda kwa njia ya kawaida, na tueleze tulivyoiona, kwa kuwa wengi mwauliza kama inawezekana. Sheria haisemi, jenga kwanza uombe baadaye. Yataka ruhusa kabla. Lakini tulivyojionea, ofisi yaweza kulipokea ombi la jengo lililokwisha simama, ikalipima kama kwamba bado ni mchoro. Likifaa, mtu hulipa ada pamoja na adhabu, akapewa kibali. Likiwa na kasoro, huambiwa arekebishe. Lisipofaa kabisa, ofisi yaweza kuamuru libomolewe, na kuomba kwako hakukukingi na amri hiyo. Kwa hiyo aombaye akijua jengo lake ni baya, ajue amejipeleka mwenyewe. Twalisema hili wazi kwa sababu wako watu waliodhani ombi ni kinga.

Tulianza kwa Serikali ya Mtaa. Mwenyekiti na Mtendaji walitujua, hata hivyo walitaka majirani wa pande zote waandike majina yao kwamba hawana shauri la mpaka nasi. Hapo tulipoteza wiki nzima, maana jirani mmoja wa mwenzetu wa tatu alikataa kutia sahihi; sababu yake tutaifikia. Kisha leseni za makazi na stakabadhi za kodi. Kisha michoro. Siku hizi maombi hupitia katika mfumo wa TAUSI wa Serikali za Mitaa, na anayeandikiwa ni Mkurugenzi wa Jiji, kwa kuwa tangu mwaka 2021 iliyokuwa Manispaa ya Ilala ndiyo Jiji la Dar es Salaam. Wako wazee kati yetu ambao bado huandika Manispaa katika barua. Barua hufika, lakini hurudi na alama ya wino mwekundu.

Juu ya michoro tuna neno refu zaidi. Mchoraji wetu wa kwanza, aliyepatikana kwa bei nafuu, alitutengenezea picha nzuri sana. Vyumba vya uani vilikuwa na madirisha makubwa pande mbili. Kati ya choo na ukuta wa jirani palikuwa na nafasi ya mita moja na nusu. Tulifurahi, mpaka mwenzetu wa kwanza aliposema, “Lakini hii si nyumba yangu.” Kweli haikuwa. Chumba cha mwisho hakina dirisha hata moja, na kati ya choo na ukuta wa jirani mtoto mwembamba hupita kwa ubavu. Mchoraji akacheka, akasema ofisini huchorwa hivyo. Tukamlipa tukaachana naye, maana mtu anayeomba ruhusa ya jengo lililokwisha kuwapo, akapeleka mchoro wa jengo lisilokuwapo, ameomba ruhusa ya kitu gani? Ofisa atakuja na futi ya kupimia. Mchoro wa pili tulifanyiwa na mbunifu aliyesajiliwa na Bodi ya wabunifu majengo. Alikuja mwenyewe, akapima kila ukuta, akachora jengo lilivyo, na kwa wino wa rangi nyingine akachora litakavyokuwa likirekebishwa. Gharama yake ilituuma. Mchoro huo ndio pekee ambao haukurudishwa.

Wakaja maofisa: wa mipango miji, mhandisi, na Bwana Afya. Watu wengi humwogopa mhandisi. Ushauri wetu ni kumwogopa Bwana Afya. Aliingia chumba kile kisicho na dirisha, akafunga mlango nyuma yake akakaa humo kimya kwa muda, halafu akatoka akauliza mpangaji alipa kodi kiasi gani. Mwenye nyumba alipotaja, hakujibu, aliandika tu. Ndani ya chumba kile alikuwa akikaa mama mmoja na watoto 2. Hatukuwa tumewahi kufunga mlango tukakaa humo sisi wenyewe. Amri ikawa: chumba cha mwisho kivunjwe ukuta wake mmoja kiungwe na cha pili yake, ili kipate dirisha la ua, choo kihamishwe, karo la maji machafu liwekwe mahali ambapo bomba la gari la kunyonya laweza kufika. Fremu zilikubaliwa, ila moja ipunguzwe kwa futi 3, kwa kuwa ilikuwa imetoka nje hadi kwenye mfereji wa maji ya mvua. Nanyi mwajua maji ya hapa. Mvua ikinyesha, mfereji ulioziba Malapa huonekana Mnyamani.

Vyumba 3 vikawa 2. Mwenye nyumba ya kwanza amepoteza kodi ya chumba kimoja kila mwezi. Lakini amekwisha pata kibali, mwezi wa Februari mwaka 2025, na mkopo aliokuwa akiutafuta umeanza kuzungumzwa, kwa kuwa mthamini alipokuja na karatasi alikuta nyumba iliyoandikwa ndiyo nyumba iliyosimama.

Tuje kwa mwenzetu wa tatu na jirani aliyekataa kutia sahihi. Ukuta ule wa siku 2 ulimeza nusu ya njia inayopita kati ya nyumba zao. Mwenzetu alisema njia haikuwa katika ramani yoyote, na kwa hakika haikuwa, kwa kuwa hapakuwa na ramani. Jirani alisema tangu utoto wake watu hupita pale. Wakaenda Baraza la Kata. Nalo, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, kazi yake ni kupatanisha tu, wala halikati mashauri ya ardhi kama zamani. Halikuwapatanisha. Jirani akatishia kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na jambo likakaa hivyo, salamu zikakatika.

Mwezi wa Septemba mama mzazi wa jirani alifariki. Sisi sote tulikwenda msibani, na mwenzetu wa tatu pia, kwa kuwa ugomvi wa ukuta haumzuii mtu kuzika. Saa ya kutoa jeneza ilipofika vijana walilibeba mabegani wakaingia njiani, wakafika penye kona, wakashindwa kugeuka. Walijaribu kulisimamisha, wazee wakakataza. Walijaribu kurudi nyuma. Watu walikuwa wamejaa. Mwishowe vijana 4 walipanda juu ya ukuta ule mpya, wakalipokea jeneza, wakalipitisha juu na kuliteremsha ndani ya ua wa mwenzetu, likatokea kwa mlango wake wa mbele. Yule bibi alimlea mwenzetu alipokuwa mtoto. Alimtoa kwake kwa kupita juu ya ukuta wake.

Hakuna aliyemwambia neno. Siku ya arobaini ilikuwa haijafika ukuta ulipokuwa chini. Alimwita fundi yule yule, na safari hii ilikuwa Jumatano, mchana. Jirani alitia sahihi. Ombi la mwenzetu, lililobaki na chumba kimoja tu cha mbele, lilipita pasipo maneno mengi. Bwana Mwenyekiti, sheria ingeweza kuuangusha ukuta ule, lakini ingechukua miaka. Twalitaja tu kwa kuwa watu hudhani kanuni za nafasi kati ya nyumba ni fitina za ofisini. Nafasi ile ni ya gari la zimamoto, ni ya mtu anayebebwa kwenda hospitali usiku, na ni ya jeneza.

Kuna mwanachama aliyetuuliza kama kibali chaweza kumaliza shauri la mpaka. Hakiwezi. Kibali kinasema jengo lafaa. Hakisemi ardhi ni yako. Ukijenga kwa kibali juu ya futi 2 za jirani, una kibali, na una kesi.

Lililobaki ni la mwenzetu wa pili, nalo ndilo zito. Mhandisi alipofika hakulitazama jamvi juu, alitazama chini. Akataka msingi uchimbuliwe kando, pembe mbili, na apatikane mhandisi aliyesajiliwa auandikie taarifa. Tukachimba. Tulitegemea kukuta zege. Tulikuta safu 2 za matofali juu ya mchanga, na chini yake taka za zamani, chupa na makopo, kwa kuwa pale palikuwa dampo la mtaa kabla ya nyumba. Msingi ule ulibeba nyumba ya chumba na sebule na bati kwa miaka 30 pasipo lawama. Haukuwekwa kwa kubeba ghorofa. Mhandisi aliandika kwa ufupi: jamvi lishushwe.

Mwenzetu alikataa. Alisema jamvi limesimama miezi 3 na halina ufa. Alisema ofisi yatafuta fedha. Alisema sisi wawili twafurahi kwa kuwa yetu yamepita. Maneno hayo yalituuma, lakini tulijua ni fedha ya miaka 34 ya kazi inayosema. Kwa wiki kadhaa hakutujibu salamu, na chini ya jamvi lile walilala wajukuu wake 5.

Siku ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo asubuhi, watu wakiwa madukani. Ninyi nyote mwaikumbuka siku ile, simu zilivyolia, na jinsi waokoaji walivyokuwa wakiomba umati unyamaze ili wasikie sauti chini ya kifusi. Walikufa watu zaidi ya 20. Wazee wakakumbuka na mwezi wa Machi mwaka 2013, jengo la ghorofa 16 lilipoanguka mtaa wa Indira Gandhi, watu 36 wakafa. Maneno mengi yakasemwa juu ya sababu za Kariakoo, nasi si wahandisi, hatutaongeza letu. Tunajua hili tu: jengo lile nalo lilikuwa limesimama siku iliyotangulia.

Jumapili kabla ya jua kuchomoza tulisikia nyundo. Mwenzetu wa pili alikuwa juu ya ngazi, peke yake, mzee wa miaka 61, akigonga zege kwa nyundo ndogo ya msumari ambayo isingeweza kulivunja hata kwa mwaka. Tukamteremsha. Wajukuu wakahamia nyumba ya kwanza siku ile ile. Jamvi lilishushwa kwa utaratibu, kwa kuwekewa mihimili chini kwanza, na watu wanaoijua kazi hiyo. Msifikiri kubomoa hakuhitaji ujuzi, tena kubomoa nako kwahitaji idhini. Nondo zilizotoka aliziuza kwa kilo. Sehemu iliyobaki ya nyumba, chini, aliiombea kibali cha kuezekwa upya, akakipata mwezi wa Mei mwaka 2025.

Sasa tuna malalamiko pia, nasi tungekuwa wanafiki tukiyaficha. Ofisi moja tusiyoitaja ilipoteza jalada letu mara 2, na mara zote mbili lilipatikana juu ya meza ile ile. Tumetozwa nauli za maofisa ambao tuliambiwa hawana gari, na hatukupewa stakabadhi. Ada ni ile ile kwa mtu wa Buguruni aliyejenga chumba kimoja cha kumpa mwanawe na kwa mwenye fedha za kujenga atakavyo, au kama si ile ile basi hatukuweza kuona tofauti. Na kanuni za nafasi ziliandikwa kwa viwanja vilivyopimwa. Ukizishika neno kwa neno hapa kwetu, hakuna nyumba itakayobaki, hata ile ya Mtendaji. Maofisa tuliokutana nao walitumia akili zao, nasi tunawashukuru, lakini si vizuri nyumba ya mtu itegemee akili ya ofisa aliyepangwa zamu siku hiyo. Kamati imeombwa iandike barua kwa Mkurugenzi juu ya mambo mawili: ratiba ya ada ibandikwe mlangoni ofisini kwa Kiswahili chepesi, na katika mitaa isiyopimwa liwekwe wazi ni nafasi gani ndogo kabisa inayokubaliwa. Mswada wa barua uko kwa Katibu. Tunaomba msome kabla ya mkutano ujao na kurekebisha lugha, kwa kuwa uliandikwa na mtu mwenye hasira.

Kama wako kati yenu wenye majengo ya namna yetu, na kwa kutazama nyuso twaona wako, waje wachukue nakala ya mchoro wa mwenzetu wa kwanza waone jinsi ulivyoandikwa kwa rangi mbili. Na mwenzetu wa pili ametutuma tuseme kwamba lile shimo la pembeni mwa msingi wake hajalifukia. Ameliwekea mbao juu ili watoto wasitumbukie. Atakaye kuona nyumba yake imekalia nini aje Jumamosi yoyote baada ya alasiri, atainua mbao amwonyeshe.